Mhandisi Elinami Akyoo na Mtambo wa Jua Uliochelewa

Ndugu waombolezaji, tunayemlaza leo, Mhandisi Elinami Yona Akyoo, alizaliwa Maji ya Chai tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Yona na Mama Anneth, wakulima wa kahawa na migomba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, sekondari Moshi, na mwaka 1992 akahitimu uhandisi wa umeme Dar es Salaam.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Pudensiana. Sherehe ikiwa imenoga katika ukumbi wa Sekei, Arusha, umeme ulikatika, na wageni wote wakamgeukia bwana harusi kana kwamba yeye ndiye aliyeuzima. Alitoka na suti yake kwenda kuangalia transfoma. Bibi harusi alicheka hadi machozi.

Kazi yake, katika kampuni ya kupanga miradi ya umeme, ilikuwa kukadiria umeme utakaohitajika miaka ijayo na wapi utoke. Arusha ilikuwa inakua mbio, viwanda na hoteli vikiongezeka. Mwaka 2019 alikabidhiwa mradi wa mtambo wa umeme wa jua, akachagua uwanda mmoja magharibi ya Kisongo. Uwanda huo ulikuwa malisho ya kiangazi. Alipokwenda kuwaeleza wananchi, mama mmoja mjane, Silantoi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ng'ombe wataenda wapi mvua ikigoma. Marehemu akajibu kuwa umeme ni wa wote.

“Sijauliza umeme, mwanangu,” mama yule alimwambia. “Nimeuliza ng'ombe.”

Alirudi ofisini akaomba mtambo uhamishiwe kwenye ardhi ya mawe, mbali zaidi. Wakubwa wake walikubali shingo upande. Upimaji ukaanza upya, mradi ukachelewa, na mwaka 2022 mgao wa umeme ukatukuta bila mtambo. Maziwa yaliharibika kwenye mafriji ya duka la mkewe hadi akalifunga.

“Baba Allen,” alimwambia mezani, “umewahurumia ng'ombe wa watu. Na sisi je?”

Waliendelea kupendana, lakini familia haifichi kwamba neno lile lilibaki kati yao.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Hata alipokuwa akisafishwa damu hospitalini Moshi, kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kwanza kama kwake umeme upo. Juma lake la mwisho alimwambia mwanawe Allen, “Wakisema nilikosea, usigombane nao. Hata mimi sijajua.” Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, Pudensiana akiwa amemshika mkono. Huko kwenye mawe nguzo za kwanza zimesimama, nyaya bado.

Ameacha mjane, watoto wawili, Allen na Princess, mjukuu mmoja, Ebenezer, na kaka yake Naftali. Mungu amjalie utulivu ambao kazi haikumpa, apumzike kwa amani.