Nafasi Alizoziacha Merigeta Tiruneh

Waheshimiwa makasisi, wazee wetu, wanachama wa chama chetu cha kuzikana, majirani, nanyi mliovuka ziwa asubuhi ya leo katikati ya ukungu, naitwa Getnet, mume wa Banchiamlak binti wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kusoma historia hii kwa sababu, kama marehemu alivyozoea kuniambia mbele ya wageni, akili za mkwe huyu bado tunazitafuta lakini sauti anayo.

Marehemu Merigeta Tiruneh Wubetu alizaliwa tarehe 12 Hidar mwaka 1938 kwa kalenda yetu, siku ya Mikaeli, hapa hapa Wanza-Ber, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wubetu, mkulima wa shayiri, na Mama Dinkinesh. Alipofika umri wa miaka saba alipelekwa kwa mwalimu wa kanisa, akajifunza herufi na kusoma sala kwa sauti kama tulivyosoma sisi sote, yaani mdomo unakwenda mbio na maana inabaki nyuma sana. Baadaye alijitanda ngozi ya kondoo mabegani, akaenda Gojam kutafuta elimu zaidi, hiyo iliyompa cheo cha Merigeta, akiombaomba mabaki ya injera mlango kwa mlango, na kovu la mbwa wa huko alikuwa nalo kwenye shavu la mguu hadi jana tulipomwosha.

Kazi yake, kama mnavyojua, ilikuwa kuandika vitabu vya sala. Aliiva katika kazi hiyo mwaka 1956, akirudi nyumbani na kalamu za tete na pembe mbili za wino, moja ya mweusi na moja ya mwekundu, akawa anapasua ngozi za mbuzi, anazikwangua, anazikausha uani, kisha anakaa mlangoni panapoingia mwanga na kuandika kwa namna ambayo mpita njia angedhani amelala. Aliandika kwanza maneno yote meusi, na kila palipohitaji jina la Mungu au la Mama Maria au la mtakatifu aliacha nafasi, kwa kuwa majina hayo huandikwa mwishoni, kwa wino mwekundu, mkono ukiwa safi na moyo umetulia.

Tarehe 20 Tir mwaka 1959 alifunga ndoa na Enatnesh Zelleke, mama yetu huyu aliyekaa hapa mbele, nao wakajaliwa watoto watatu, Yitayish, Mulat na Banchiamlak. Yitayish, kifungua mimba, aliyezaliwa mwaka 1961, ndiye aliyekuwa akimsagia baba yake wino mwekundu kwenye jiwe, viganja vyake vikawa vyekundu tangu Jumatatu hadi Jumapili, na mama yake akimfokea kwamba kwa mikono hiyo atakuja kuolewa na mchinja ng'ombe, mtoto anacheka tu na kuigusa shuka nyeupe ya baba yake makusudi.

Mwezi wa Sene mwaka 1970 marehemu aliitwa na watawa wa kisiwani kuandika kitabu cha sala za wagonjwa. Akaandika huko mvua zote, maneno meusi yote, sala baada ya sala ya kuondoa homa, na mwezi wa Nehase akavuka kurudi kwa mtumbwi wa matete, akikileta kitabu nyumbani akitie wekundu. Akakuta watu uani. Yitayish alishikwa na homa siku chache kabla, na alikuwa amezikwa jana yake. Pembe ya wino mwekundu ilikuwa imejaa, mtoto alisaga kabla hajaugua ili baba akirudi asingoje.

Ndugu zangu, familia imekubaliana nisilifunike hili, maana mnalijua. Merigeta aliitundika pembe ile ukutani na hakuigusa tena. Watawa walipokuja kuchukua kitabu aliwapa kikiwa na nafasi tupu, na walipouliza alijibu, "Majina yatieni ninyi, mimi na mwenye majina hatusemezani." Tangu siku hiyo vitabu vyote vilivyotoka mikononi mwake vilikuwa hivyo, vyeusi na vyenye nafasi, wenye vitabu wakawa wanavipeleka kwa mwandishi mwingine kuvimalizia, na huko sokoni akapachikwa jina la Fundi Matundu. Jumapili alikwenda kanisani, lakini alisimama nje kwenye uzio, ameegemea fimbo yake, hasogei getini. Alituambia uzeeni kwamba miaka ile yote aliishi kama aliyeamshwa usingizi haujamwisha, anaisikia kengele, anausikia ukungu unavyodondoka kutoka kwenye mierezi, na katikati ya vitu hivyo anamsikia mtoto akisaga.

Mama yetu hakubishana naye. Aliendelea kumwita Baba Yitayish, akimpa kahawa yake ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba mume wake asije akafa na ugomvi ule kifuani.

Sasa, mwezi wa Megabit mwaka 1986, Mama Asnaku muuza pombe ya tella, yule pale nyuma anayejificha kwenye shuka, alikuja na kitabu chake kifungwe upya kwa sababu panya walikula uzi. Mama Asnaku alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kampeni ya kisomo, na kitabu hicho alikinunua kwa Merigeta mwaka 1973, na hakukipeleka kwa mtu yeyote kukimalizia. Merigeta alikifungua mapajani na kuona kila nafasi aliyoiacha imegeuka rangi, imekuwa nyeusi kidogo na laini, inang'aa kwa mafuta ya kidole. Mama yetu alikuwa jikoni anakaanga buni, na mazungumzo yao ametusimulia hivi.

"Asnaku, hapa umepafanya nini?"

"Nimepafanya nini tena? Mimi si msomi kama wewe, Merigeta, nasoma na kidole. Nikifika kwenye kitundu chako kidole kinapumzika, na mimi napumzika. Hapo ndo namwambia yangu. Tella ikichacha, namwambia. Mwanangu alivyokwenda vitani asirudi, nimemwambia hapo hapo, na matusi juu. Kwingine kote maneno ni yako. Hapo ni pangu."

"Nilipaacha kwa hasira, mama."

"Hasira na nani?"

"Na mwenye jina."

Mama Asnaku alicheka hadi shuka ikamwanguka. "Yaani umemfukuza mtu halafu ukamwachia kiti kila ukurasa? Na mimi miaka yote hii namkuta amekaa humo!"

Merigeta alinyanyuka, akaitungua pembe ukutani, akatia maji kwenye wino uliokauka miaka kumi na sita, akakoroga, na wekundu ukarudi, ule ule. Akachovya kalamu, akainama juu ya kitabu cha Mama Asnaku, kwa nia njema kabisa ya kulipa deni.

"Wee! Weka hiyo kalamu chini! Utaniharibia kitabu changu!"

Mama yetu alitoka jikoni mbio akidhani watu wanapigana, akamkuta mumewe amejishika magoti, anacheka na analia kwa pamoja, machozi yanampita kwenye ndevu, na Mama Asnaku amekikumbatia kitabu kifuani. Lakini wino ukishalowa haungoji. Jioni hiyo alichukua kitabu kingine kilichokuwa karibu, akaandika jina la Mungu kwa wino aliosagiwa na mwanawe, akaenda mbele, ukurasa kwa ukurasa, mpaka pembe ikabaki kavu. Jumapili iliyofuata alivua viatu, akapita getini, akaingia ndani. Mama yetu anasema alipomwona mgongo wake unaingia mlangoni, siku hiyo yeye ndiye aliyebaki kwenye uzio.

Tangu hapo Merigeta alivikamilisha vitabu vyake vyote, isipokuwa katika sala ya mgonjwa, ambamo aliacha nafasi moja tupu, na mnunuzi akilalamika alimjibu, "Hapo ni pako," akaendelea kukaza uzi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwaka 2009, macho nayo yakafifia, akawa anasomewa na wajukuu na kuwasahihisha akiwa amefumba macho. Mwezi wa Tir mwaka huu alilazwa hospitali ya mjini, akaomba arudishwe nyumbani, na Jumanne tarehe 10 Yekatit mwaka 2012, kahawa ya pili ikiwa inamiminwa, alitutoka akiwa amemshika mama yetu mkono.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipowafundisha kazi yao, kwa majirani waliokesha nasi, kwa chama chetu kwa hema na vyombo, kwa waandishi wenzake waliokuja na kalamu zao, na kwa watawa wa kisiwani.

Shukrani za pekee ni kwa Mama Asnaku, ambaye ametuazima kitabu chake kisomwe kaburini, kwa sharti kwamba kirudi leo leo na mtu asikisogelee na wino. Tunamlaza Merigeta ubavuni mwa Yitayish. Kasisi atakapokuwa anasoma mtamsikia ananyamaza, kisha anaendelea, kisha ananyamaza tena, basi naomba mtu asikohoe kumkumbusha, hajapotea mstari. Mama yetu ana lake la kusema hapo, na kila mmoja wenu ana lake.

Nawe Baba Yitayish, umetuachia nafasi hizi kwa muda mrefu. Leo hapo ni pako, pumzika.