Sanduku Moja Kubwa au Matatu Madogo

Benchi letu liko nje ya duka la umeme la Hardeep, nyuma ya soko la Nakuru, na birika ni langu. Nasema hivyo mapema kwa sababu wanaokaa hapo huongea kana kwamba kahawa hujipika. Hardeep tunamwita Waranti, kwa kuwa hajawahi kuuza hata balbu bila kulitaja neno hilo. Mzee Kemboi ni Stima; alifanya kazi miaka ishirini na miwili kule Olkaria kwenye mvuke wa ardhini unaozalisha stima, akastaafu na kofia ngumu ambayo anaivaa hadi leo. Kiprugut ni Mbao, wa Elburgon, anayeleta mbao mjini na akishashusha mzigo hana haraka ya kurudi. Alhamisi hiyo ya Aprili 2008 alikuwapo pia Cherop, mwalimu wa kompyuta chuoni. Kanisa lake lilikuwa limempa kazi ya kuweka mtandao usio na waya katika kambi iliyo kwenye uwanja wa ng'ambo ya reli, ambako watu walikuwa wakilala kwenye hema tangu Januari, walipokimbia ghasia za baada ya uchaguzi. Kambi nyingi zilikuwa zimeanza kuandika majina ya watu wao katika orodha moja kwenye mtandao, ili aliyepotezana na mtu wake amtafute humo. Vijana wa kanisa wangezunguka na laptop nne, hema kwa hema, wakiwatafutia watu. Kamati ya kanisa ilikuwa na pesa ya kununua mara moja tu, na gari la kwenda kuchukua mzigo Nairobi lingeondoka saa sita. Ilikuwa saa nne na nusu, na Cherop hakujua anunue nini.

Waranti: Mwalimu, mimi nakuambia kitu moja tu. Chukua ile sanduku kubwa ya network. Watt moja mzima, antena urefu kama mlango. Unafunga juu ya mlingoti katikati ya uwanja, unarudi nyumbani. Na iko na waranti ya miaka mbili.

Cherop: Hiyo kubwa si ndiyo ulituazima, Bwana Hardeep? Tumeijaribu siku tatu. Ukienda mpaka hema za mwisho, laptop inaonyesha mistari mitano ya network, yote imejaa. Lakini ukurasa haufunguki.

Mbao: Mimi ndio nilikuwa nabeba laptop. Mistari tano. Nikasema, haya, leo tumefika. Nikangoja ifunguke mpaka gumbuti zikazama kwa matope.

Stima: Hiyo ni stima ndogo. Kule Olkaria kitu ikikataa kufanya kazi, tunaangalia stima kwanza. Hiyo sanduku inakula stima wapi?

Waranti: Inapanda na waya ile ile ya network, mzee. Waya moja inabeba yote mbili.

Stima: Stima na barua kwa waya moja?

Waranti: Ndiyo.

Stima: Basi hiyo ndio shida. Barua inaungua ikiwa njiani. Nyinyi mnangoja huko kwa hema na barua imekuwa majivu zamani.

Cherop alimweleza kwamba ule ni umeme mdogo na hauunguzi kitu. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akatikisa kofia. Miaka ishirini na miwili ya mvuke haiondolewi na mwalimu wa chuo kwa dakika mbili. Nikamwongezea kahawa kwa sababu akishakasirika huwa anakunywa haraka.

Mbao: Shida sio stima. Shida ni maji. Hizi siku kunanyesha, hema zimelowa, miti ya pale kando imelowa. Hata mbao mbichi huwezi ipasua vile unapasua kavu. Msumeno unalia. Sasa network nayo itapita aje?

Cherop: Hapo kuna ukweli. Maji yanaimeza kweli.

Afadhali asingesema hivyo. Mbao akikubaliwa jambo moja hujenga nyumba nzima juu yake.

Mbao: Mnaona? Mwalimu mwenyewe amesema. Na binadamu ni nini? Ni maji. Hiyo kambi iko na watu elfu ngapi? Huo ni msitu mbichi umesimama hapo. Network ikitoka kwa mlingoti inagonga mtu wa kwanza, inaishia kwa tumbo lake. Dawa ni kuwaambia watu watoke uwanjani asubuhi, network ipite vizuri, alafu jioni warudi.

Mimi: Na wakitoka, hiyo network itapita ikimtafutia nani?

Mbao: Birika, we pika kahawa.

Waranti: Mimi naona ni ndege. Hawa flamingo wa lake. Saa nne wakiruka wote pamoja, angalia saa, ni saa nne tu network inaanguka. Kila flamingo iko na miguu mbili ndefu. Hiyo ni antena mbili. Wako wangapi? Wanakula yote huko juu.

Stima: Flamingo hapana. Ni chini. Nyinyi mnakaa juu ya bonde na hamjui mko juu ya nini. Kutoka Menengai mpaka Olkaria ni mawe moto na chuma. Inavuta. Hata saa yangu ilikuwa inachelewa nikiwa kazini. Sasa ukitaka network ya maana, usiweke uwanjani. Panda Menengai, weka hiyo antena pale kwa ukingo wa shimo. Inashika Nakuru yote, inashika Gilgil, mpaka mtu anakula nyama pale Kikopey anafungua orodha kabla chumvi haijafika mezani.

Waranti: Na kwa Menengai nakupatia waranti miaka tatu.

Cherop hakucheka. Alikuwa amefungua daftari magotini na juu yake ameweka karatasi ya kamati. Nilipoinama kumwagia kahawa niliisoma. Iliandikwa "kifaa kimoja chenye uwezo mkubwa", na chini yake mwenyekiti alikuwa ametia sahihi kubwa kuliko maandishi yenyewe. Nawajua watu wa kamati. Wakisema kimoja kikubwa, ukiwaletea vitatu vidogo na visifanye kazi, watakutaja kwenye maombi Jumapili.

Cherop: Sikilizeni niwaambie kile naona mimi. Hiyo sanduku kubwa inaongea kwa nguvu, hiyo ni kweli. Laptop iko mbali inaisikia, ndio maana mistari imejaa. Lakini laptop pia lazima ijibu. Iseme, nataka ukurasa fulani. Na sauti ya laptop ni kidogo sana. Sanduku haiisikii.

Waranti: Tunaongeza antena. Masikio makubwa zaidi.

Cherop: Inasaidia, lakini si sana, na watu wakijaa na mvua ikinyesha tunarudi pale pale. Ile njia ingine ni kuchukua zile ndogo tatu, nizipande katikati ya hema, moja mbele, moja katikati, moja huko nyuma, zipokezane. Laptop popote ilipo iko karibu na moja.

Stima: Hiyo ni sawa. Kwa nini hufanyi hivyo?

Cherop: Kwa sababu kila ikipokeza, mwendo unapungua. Na ni milingoti tatu, waya tatu za stima, walinzi tatu. Na sina ndogo za kujaribu, Bwana Hardeep hana hata moja hapa. Kubwa nimeijaribu nikaona vile inashindwa. Ndogo sijaiona ikifanya kazi hata siku moja. Nikikosea hakuna pesa ingine, na hao watu watakaa hivyo hivyo bila kujua ndugu zao wako wapi. Ndio sijalala.

Waranti alichukua kitambaa akafuta antena iliyokuwa imesimama mlangoni mwake, ingawa haikuwa na vumbi. Saa tano ilikuwa imepita.

Hapo akaja mwanamke mmoja mwenye sweta ya kijani na ndoo tupu mkononi. Nilimwona akitoka upande wa mtaa wa Section 58, ambako wengi wa kambini huenda kufua nguo za watu. Aliomba kahawa, akalipa kabla hajakunywa, akakaa mwisho wa benchi akiwa ameweka ndoo katikati ya miguu. Mbao, ambaye hawezi kukaa karibu na mtu bila kumuuliza jina, akamuuliza. Akasema anaitwa Wangare.

Wangare: Hiyo mnauza ni spika?

Waranti: Hapana mama. Ni network. Ya kambi ya uwanja.

Wangare: Mimi nakaa hapo. Laini ya mwisho ya hema, kando ya ua.

Mbao: Huko ndio tulikwama. Mistari tano.

Cherop akamgeukia, akamweleza upya bila haraka: kwamba sanduku likiwa mbali linasikika vizuri, lakini ukilijibu halikusikii. Nilidhani mama wa watu hataelewa, na nakiri nilikosea. Alikunywa kahawa funda moja, akasema kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Wangare: Hiyo ni kama siku ya unga.

Cherop: Aje?

Wangare: Siku ya unga wanasoma majina kwa spika, pale mbele kwa lori. Sisi wa nyuma tunasikia sana. Jina lako likisomwa unasema "niko". Unapiga nduru mpaka koo inauma. Hawakusikii. Wanasema huyu hayuko, wanasoma mwingine. Februari yote nilikosa unga hivyo, na mimi nilikuwa nimesimama hapo tu.

Stima: Wakaongeza spika?

Wangare: Waliongeza. Ndio tukasikia vizuri vile tumerukwa.

Stima akacheka mpaka kofia ikasogea. Wangare hakucheka.

Cherop: Sasa mnafanya aje?

Wangare: Tulichagua watu wetu watatu. Mmoja anasimama kwa hema za mbele, mmoja katikati, mmoja kwetu. Wa kwetu akisikia "niko" anaambia wa katikati, wa katikati anaambia wa mbele, inafika kwa lori. Inachelewa. Lakini tangu Machi hakuna mtu wa laini yetu amelala njaa kwa sababu hiyo.

Cherop: Na siku ya mvua?

Wangare: Hata siku ya mvua. Mtu ako karibu.

Cherop alimwangalia kwa muda mrefu, halafu akaiangalia karatasi ya kamati. Akaikunja mara mbili akaitia ndani ya daftari. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye kona hii na nimeona watu wakiamua mambo mengi kwenye benchi hilo, mengi ya kijinga. Hili halikuwa la kijinga, na nilifurahi kwa ajili yake.

Cherop: Bwana Hardeep, piga simu Nairobi. Tatu ndogo.

Waranti: Na kamati?

Cherop: Nitawapeleka siku ya unga wajionee.

Waranti: Sawa. Na tatu nayo iko na waranti tatu.

Akaingia ndani kupiga simu. Tulimsikia akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kana kwamba mtu wa Nairobi hajui kuhesabu. Nikamwaga kahawa ya bure, jambo ambalo silifanyi. Stima akasema yeye tangu mwanzo alikuwa amesema iwe tatu. Hakuna aliyebishana naye. Mbao naye, akiona sifa zinagawanywa na yeye hajapata, akamsogelea Wangare.

Mbao: Usione tunakaa hapa tunakunywa kahawa, mama. Kazi imefanywa. Mimi mwenyewe nimezunguka hiyo kambi siku tatu na laptop. Jumatatu, Jumanne, jana. Hata kwa laini yenu nilifika.

Wangare: Nilikuona. Nikadhani unauza.

Mbao: Nilikuwa najaribu. Mwalimu alinipatia saa. Nasimama mahali, nafungua ile orodha, majina yakijaa kwa skrini nasimamisha saa, naandika sekunde. Nafunga, nasonga hatua hamsini, nafungua tena. Huko mbele ilikuwa inafunguka vizuri sana. Sekunde nne, sekunde tano. Nimeifungua kama mara arobaini.

Wangare: Orodha gani?

Mbao: Ya majina. Ya watu wa kambi zote. Wale wanatafutwa.

Wangare: Iko tayari?

Mbao: Iko. Ni kubwa. Ukurasa moja tu inabeba majina mia mbili.

Wangare aliweka kikombe chini, polepole, akihakikisha kimekaa vizuri kwenye ubao. Akamwangalia Mbao usoni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kuomba kahawa.

Wangare: Natafuta mamangu. Tulipotezana Januari kwa barabara, akasukumwa akapanda lori ingine. Anaitwa Jerusha Gathoni. Kwa hizo mara arobaini, hukumwona?

Cherop alikuwa amesimama tayari, na alikaa tena. Orodha ilikuwa ndani ya duka pale, hatua kumi kutoka kwenye benchi, kwenye kompyuta ya Hardeep iliyounganishwa na mtandao kwa waya, tangu Jumatatu. Sote tulikuwa tunaijua kwa sekunde zake tu. Niliona aibu, na mimi sikuwa nimeigusa hata mara moja.

Mbao: Nilikuwa naangalia saa, mama.

Wangare: Lakini majina yalikuwa hapo mbele yako.

Mbao: Yalikuwa.

Wangare aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, na akaendelea kumwangalia, kwa sababu hilo halikuwa jibu la alichouliza.