Aliyechomoa Waya Siku ya Kumi na Mbili

Mama Vifaranga, mkaguzi mkuu wa bodi, yaani vibao vya saketi za umeme, katika kiwanda chetu cha mashine za kutotolesha vifaranga, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mwandishi wa wasifu huu, anayetunga programu za mashine hizo, aliajiriwa wiki moja kabla yake. Hakuna anayelikumbuka jambo hilo.

Mama Vifaranga alianzia kwenye meza ya kuchomea nyaya kwa risasi. Mwaka wa nne akapewa lenzi, koti jeupe na ufunguo wa chumba cha majaribio. Mwandishi aliuomba ufunguo huo mara tatu, kwa barua, na hakuupata. Wateja wakipiga simu humtaka yeye. Mwandishi akiipokea, huulizwa mama yuko wapi.

Mama haamini karatasi. Kila bodi mpya huiweka kando ya bodi ya zamani, kila moja katika mashine yenye mayai yake, kwa siku zote ishirini na moja za kutotoa. Siku ya kumi na mbili huchomoa waya wa umeme ukutani bila kumwarifu mtu, hunywa chai yake, kisha huurudisha. Vifaranga wa majaribio ndio waliompa jina. Mwaka mmoja walitoroka, na watatu wakapatikana katika droo ya mihuri ya meneja.

Miaka miwili iliyopita, chipu inayoongoza mashine zetu iliacha kutengenezwa. Likaja toleo jipya: miguu ileile, umbo lilelile, kasi mara nne. Mwandishi aliihamisha programu kwa siku tatu, akatia sahihi kwamba kazi imekamilika. Mashine arobaini zikafungwa kwenye maboksi. Mtunza ghala akamtania: "Mzee, safari hii umemnyima mama vifaranga wake!" Mwandishi alicheka kuliko utani ulivyostahili.

Mama Vifaranga aliomba siku zake ishirini na moja. Mwandishi alimwonyesha kijitabu cha watengenezaji, kinachoeleza kuwa chipu zote mbili ni za ukoo mmoja. "Sawa, kaka," alijibu, "lakini yai halisomi kijitabu." Meneja alimsikiliza mama.

Siku ya kumi na mbili akachomoa waya. Umeme uliporudi, mashine ya zamani ilionyesha siku ya kumi na mbili. Mpya ilionyesha siku ya kwanza. Programu ilitakiwa kusubiri kumbukumbu imalize kuandika namba ya siku. Ilisubiri kwa kuhesabu hatua, na chipu mpya, kwa kasi yake, ilimaliza kuhesabu kabla namba haijaandikwa. Kwa mteja, umeme ungekatika mara moja tu, mashine ingeendelea kuyageuza mayai katika siku za mwisho ambazo yanapaswa kutulia, na vifaranga wangefia ndani. Hesabu hiyo ya hatua ilibuniwa na mwandishi, naye alikuwa akiisifu mbele za watu.

Ripoti ya Mama Vifaranga ilisema: "Tumegundua kasoro, tumeirekebisha." Jina la mwandishi aliliweka la kwanza. Meneja alimpa mwandishi mkono, na mwandishi akaupokea. Amemwonea wivu mama huyu kwa ufunguo, kwa simu za wateja, na zaidi kwa ripoti ile, kwa kuwa yeye asingeiandika hivyo. Leo anasahihisha: kasoro iligunduliwa na Mama Vifaranga peke yake.

Ufunguo wa chumba cha majaribio mwandishi alikabidhiwa juzi, kwa pendekezo la mama mwenyewe.

Mama, toleo jingine la chipu limekwisha kutangazwa. Mashine mbili ziko mezani, mayai yamo ndani, na leo ni siku ya tatu. Tunakushukuru kwa kazi yako na kwa kunyamaza kwako. Uwe na afya, na siku zako ziwe ndefu na tulivu. Siku ya kumi na mbili usije. Waya tutauchomoa wenyewe.