Mhandisi Editha Thobias na Mtandao Uliojifunza Kujilinda

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wetu mlioshuka kutoka Mgeta na mliotoka Turiani, majirani, wafanyakazi wenzake na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, wakubwa zangu shikamooni, mimi ni Kasimiri Thobias, mdogo wake marehemu, mkulima wa kabichi kule Mgeta, na familia imenituma nieleze maisha ya dada yetu, ingawa kazi yake mimi niliishia kuishangaa tu.

Marehemu Editha Thobias alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 katika zahanati ya misheni huko Mgeta, mtoto wa pili wa Mzee Thobias na Mama Angelina, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari mjini Morogoro, akamaliza kidato cha sita mwaka 1978, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1984 akahitimu uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika darasa lililokuwa na wasichana wawili.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha umma hapa Morogoro mjini, akatunza mitambo yake mpaka tarehe 30 Juni 1997, kiwanda kilipobinafsishwa na wafanyakazi wakapunguzwa, naye badala ya kukaa akilalamika akaenda Uholanzi kusomea kompyuta, akarudi mwaka 2000 na kuingia kampuni binafsi ya mawasiliano, iliyounganisha hospitali, shule na ofisi za mashamba ya miwa kwa mtandao wa kompyuta uliopitia kwenye minara.

Tarehe 4 Oktoba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Yakobo, fundi wa maabara, katika kanisa la Mgeta, na Mungu akawajalia watoto wawili, Zawadi, aliyezaliwa mwaka 1988, na Evance, aliyezaliwa mwaka 1991.

Katika kampuni ile dada alitengeneza kitu ambacho wengi hawakukielewa, yaani ulinzi ambao kompyuta zenyewe zinaangaliana, na moja ikianza kwenda kombo nyingine zinaitenga, zinaisafisha na kuirudisha kazini bila kungoja mtu, na meneja wake, Bwana Eustace, ambaye tunaye hapa, alimwonya kwamba siku ulinzi huo ukimkatia mteja mawasiliano bila ruhusa atauzima, na dada atafute kazi nyingine.

Tarehe 21 Septemba 2004, dada akiwa Mgeta akimuuguza mama, mahali ambapo simu ilikuwa haishiki, kirusi cha kompyuta kiliingia kwenye mtandao ule, Bwana Eustace akatuma gari limfuate, nami nikapanda naye, na njia nzima ya kushuka mlima alimhimiza dereva aongeze mwendo, kwa kuwa hospitali mbili zilikuwa zikipata majibu ya maabara na kuagiza damu kupitia mtandao huo, na ungezimika, mgonjwa angeweza kufa.

Ofisini tulikuta mafundi wamesimama nyuma ya viti vyao wakitazama tu, hakuna aliyegusa kitu, maana mashine zilizoambukizwa zilikuwa zimeshatengwa, nyingine zinarudi kazini moja baada ya nyingine mbele ya macho yetu, hospitali zinaendelea kupata majibu yao, na dada alipokaa kwenye kompyuta yake mwenyewe akakuta nayo imefungiwa nje.

Bwana Eustace akamwambia, "Mama Zawadi, hata wewe ulinzi wako umekukataa! Si uuamuru ukufungulie, wewe si ndiye uliyeutengeneza?"

Dada akamjibu, "Ndiyo mzee, na haujakosea, mashine yangu inaumwa kama zile nyingine, nikijifungulia njia yangu peke yangu, kesho mwizi naye atapita hapohapo."

Akavuta kiti akangoja zamu yake kama watu wengine, machozi yakimtoka, nilipomuuliza ana nini akasema, "Kasi, mdogo wangu, mitambo inajiangalia yenyewe," na Bwana Eustace akavua kofia yake, akaishika kifuani, wala habari ya kuuzima ulinzi ule haikusemwa tena.

Mwezi Januari 2006 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Dar es Salaam, shemeji Yakobo akiwa ubavuni pake wakati wote, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika, na tarehe 18 Machi 2007 akafariki dunia hospitalini hapa Morogoro.

Wiki yake ya mwisho fundi mwenzake, Bartholomeo, alikuja kumuuliza, kwa aibu kubwa, ni neno gani la siri awaachie ili waweze kuutawala ulinzi ule, na dada, sauti ikiwa imefifia, akamwambia, "Hakuna, Batho, ningeuwekea ufunguo wangu, ungekufa na mimi," na Bartholomeo akampa mkono wa kwaheri, akatoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Dar es Salaam na wa hapa, majirani mliopika na kulala nasi msibani, wafanyakazi wenzake na Bwana Eustace kwa magari na kwa heshima mliyompa, na kila mmoja kwa nafasi yake, Mungu awarudishie.

Dada Editha, kazi uliifanya, ukaiachia isimame yenyewe, ukashusha mikono, nasi leo tunakuachia uende, pumzika kwa amani.