Aliyejikana Mpaka Akaisha

Mshonaji alikaa kwenye treni ya asubuhi na furushi la majoho ya kwaya mapajani, akijifanya anakagua vifungo. Masikio yalikuwa kiti cha mbele, kwa watu wawili waliokutana humo humo: mzee wa kanisa, na muuguzi aliyetoka kuwashikia wenzake zamu ya tatu mfululizo.

"Nilianza na sukari, mwanangu," mzee alisema. "Bwana alituambia tujikane. Nikaacha kitanda, nikaacha kiti changu mezani. Mwisho nikaacha kuitika nikiitwa, maana hata jina ni majivuno. Siku hizi mke wangu anapakua sahani moja. Juzi alinifungia mlango nimesimama mbele yake, macho kwa macho."

Kweli sukari ina mambo, mshonaji aliwaza.

"Baba, kujikana si kujifuta," muuguzi alimjia juu. "Alisema mtu ajikane, kisha amfuate. Sasa nani atamfuata, kama wewe hupo?"

Kondakta akafika. Alitoboa tikiti ya mshonaji, akampita mzee kama anavyopita kiti kitupu. Muuguzi akanyoosha tikiti yake. Naye akapitwa.

"Na wewe, mwanangu," mzee aliuliza kwa upole, "umeacha nini?"

Treni ikasimama. Mkono wa muuguzi wenye tikiti ulikuwa bado hewani. Mshonaji alikurupuka na furushi lake, na pale mlangoni akamkanyaga mtu mguu makusudi, apate kusikia kama atatukanwa.