Sosthène Rukundo, Mtoto wa Nyumba Mbili

Wapendwa wa kanisa na majirani, mliotoka hapa New Hope na mliotoka mbali, asanteni kufika kumsindikiza mtoto wetu. Mmeona mstari wa mbele, kati ya mjane na baba mdogo wa marehemu, wamekaa watu sita ambao hawafanani nasi hata mtu akifumba jicho moja. Mmeanza kunong'onezana. Subirini kidogo. Marehemu aliacha ombi moja tu: siku ya kutaja aliowaacha, watu hao sita watajwe pamoja na ndugu zake, wasiwekwe nyuma kwa marafiki. Ombi hilo nusura liipasue familia. Maisha yake yakisomwa hadi mwisho, mtajua lilikwishaje.

Sosthène Rukundo alizaliwa tarehe 14 Machi 1990 huko Minembwe, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, mtoto wa pekee wa marehemu mzee Mugabo na mama Mukandayisenga. Ukungu wa siku hiyo ulikuwa mzito hata ng'ombe walirudi nyumbani kwa kupapasa. Alitoka amekunja ngumi zote mbili kama mtu aliyekuja na kesi, na hakulia mpaka watu wote chumbani walipomaliza kuongea. Aliyempokea mikononi ni koko wake, Générose, mama mzazi wa Mugabo. Hakuna mwingine aliyekuwepo anayethubutu kubisha. Mwaka 1998 vita vilipanda mlimani, familia ikakimbia, ikaacha nyumba na ng'ombe wote. Mzee Mugabo hakufika walikofika wengine.

Alisoma shule ya msingi na sekondari katika kambi ya Nakivale, Uganda. Darasa lilikuwa na watoto wengi kiasi kwamba mwalimu akianza kuita majina asubuhi, anapomaliza ni saa ya kwenda nyumbani. Wengine walisinzia. Rukundo alisikiliza, akayashika majina yote, na tangu hapo hakuwahi kumwita mtu "wewe." Tarehe 21 Oktoba 2009 yeye, mama yake, koko wake na baba yake mdogo Hategekimana walitua Saint Paul, huku Amerika. Usiku alifua mashuka hospitalini kule Maplewood, mchana alisoma, na Mei 2013 akamaliza miaka yake miwili ya chuo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Ukutani chuoni palikuwa na tangazo la mpango wa vijana wa Kiyahudi uitwao Mwaka wa Haki. Vijana wanakaa nyumba moja, kusini mwa Minneapolis, mwaka mzima. Kila mmoja anapelekwa kwenye ofisi inayotetea wanyonge, wanapika chungu kimoja, na Ijumaa jioni wanaikaribisha Sabato pamoja. Rukundo, aliyelelewa Msabato tangu tumboni, alipofika kwenye neno Sabato hakuendelea kusoma. Alikwenda kuomba nafasi.

Mama aliyesimamia mpango akamwuliza, "Sosthène, unajua kwamba hapa ni kwa Wayahudi?"

"Najua, mama."

"Wewe ni Myahudi?"

"Hapana. Mimi ni Msabato wa Kongo."

"Sasa umetufuata nini?"

"Mama, nimefanya kazi nne hapa Amerika, na kila bosi aliniuliza kwa nini Jumamosi siji. Nimechoka kujibu. Nataka mahali ambapo Jumamosi hakuna atakayeniuliza."

Mama yule alicheka mpaka akavua miwani, akampa nafasi.

Kanisani habari ilifika kabla yeye hajafunga begi. Baba yake mdogo Hategekimana, mzee wa kanisa na mtu anayempenda mtoto wa kaka yake kwa ukali, alimwendea mama yake mzazi, Koko. "Mama, mtoto wa Mugabo anapotea. Amekwenda kumwacha Yesu kwa Wayahudi."

Koko Générose akamjibu, "Na Yesu mwenyewe alizaliwa kwa nani, kwa Wabembe wa kule kwetu? Tena amehamia basi moja tu kutoka hapa. Mtu anapoteaje kwenye laini ya basi?"

Kumbe waliopata tabu ni Wayahudi. Ijumaa ya kwanza, jua likielekea kuzama, Rukundo alikuwa ameshaoga, ameshazima simu, amevaa shati jeupe, amekaa mezani anangoja. Wenzake sita, mmoja anafua soksi, mmoja anatazama mpira. Kijana mmoja, Joel, akamwambia, "Rafiki, tulia. Sisi ni Wayahudi wa kawaida tu."

Rukundo akamwuliza kwa adabu, "Kawaida ya nani? Ya Musa, au ya kwako?"

Joel akazima televisheni. Kabla ya theluji ya kwanza nyumba nzima ilikuwa inazima simu Ijumaa jioni kwa kumwogopa Mkristo. Wazazi wao wakaanza kupiga simu ofisini kuuliza watoto wamepatwa na nini.

Kazi aliyopewa ilikuwa kwenye ofisi ya kutetea wapangaji, yeye na mwenzake wa nyumba hiyo, Stacy. Januari ile ya 2014 baridi ilikuwa kali, hata simba wa Danieli wangeomba soksi. Jengo moja lilikaa siku nyingi bila hita, na mwenye nyumba hashiki simu. Rukundo alimfuata, hakumgombeza, alimwalika chai kwa familia moja ya orofa ya tatu. Mwenye nyumba akadhani ameponea. Kumbe kwa Rukundo mazungumzo hayaanzi mpaka watu wasalimiwe. Alimtambulisha kwa baba, kwa mama, kwa shangazi, kisha kwa watoto mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake na darasa lake na anapenda nini. Chai ikaota barafu mkononi mwa mzee wa watu. Walipofika kwa mtoto wa sita, mwenye nyumba, meno yanagongana, alitoa simu mwenyewe akamwita fundi.

Stacy akamwuliza njiani, "Ulijua atakubali?"

"Hapana. Watoto wangekwisha, ningeanza na majirani."

Agosti 2014 mwaka wa mpango ulikwisha, na pakawa na karamu nyuma ya ile nyumba. Koko Générose alikwenda na fimbo yake. Kwetu mlimani, nyumba mbili zikitaka kuwa moja, hupeana ng'ombe. Aliyepokea si mgeni tena. Huitwa kwenye harusi na kwenye msiba, na huhesabiwa. Akasimama mbele ya wale vijana sita na wazazi wao, Rukundo akitafsiri, akasema, "Mmenilelea mtoto mwaka mzima, mmemrudisha amenenepa. Nawapa ng'ombe, Bihogo, mwekundu kama udongo uliolowa, mwenye mwendo wa bibi harusi, anayetangulia kundi bila kugeuka nyuma."

Stacy akapiga makofi na kushukuru kama alivyofundishwa. Kisha akashindwa kujizuia. "Koko, yuko wapi?"

"Yuko malishoni."

"Malisho gani?"

"Mtoto, umepewa ng'ombe, bado unadai na majani?"

Tangu siku hiyo, kila vuli, Wayahudi wakiuanza mwaka wao mpya, Stacy alipiga simu. "Koko, ng'ombe wetu hajambo?" Naye Koko akawa anampa habari. Mwaka mmoja Bihogo alizaa mapacha. Mwaka mwingine alimkimbiza chui mpaka chui akaomba hifadhi polisi. Mwaka uliofuata alivuka mto uliofurika na mchungaji mgongoni, kofia haikulowa. Rukundo alitafsiri kila neno bila kutabasamu. Stacy alijifunza Kiswahili kwa ng'ombe huyo, na ndiyo maana mpaka leo anajua kusema "kwato" lakini akienda dukani hajui kusema "chenji."

Septemba 2014 ile ofisi ya wapangaji ilimwajiri Rukundo rasmi, akaitumikia miaka kumi, hasa kwa familia za hapa New Hope. Mtu akipata barua ya kufukuzwa alikuwa anampigia yeye kabla ya kumpigia pasta, na pasta amesema hana kinyongo. Waliokaa katika nyumba zao leo kwa sababu yake wamo humu ndani, na wanajijua.

Tarehe 5 Juni 2016 alifunga ndoa na Merveille, muuguzi, aliyekutana naye kwenye korido za hospitali kule Maplewood. Siku hiyo wale sita walisimama upande wa bwana harusi. Joel alipewa kibuyu cha maziwa akibebe, akatembea nacho kama aliyebeba bomu, watu wakasahau kumtazama bibi harusi. Mungu aliwajalia Rukundo na Merveille watoto wawili, Divine na Mugabo.

Februari 2024 madaktari walikuta saratani kwenye ini lake. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Merveille alimwuguza kwa mikono yake mwenyewe, na familia hii haitamaliza kumshukuru. Wale sita waligawana Ijumaa. Kabla jua halijazama mmoja wao alikuwa mlangoni na supu na mkate wao uliosukwa kama nywele, anaosha vyombo, anakaa naye. Joel alitoka Eden Prairie na suti ya ofisini, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzima simu.

Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025 Rukundo alimwita koko wake karibu. "Koko, siku ya kutaja watu wangu, watu wa nyumba yangu ile usiwaweke nyuma."

"Nimesikia."

"Baba mdogo atakataa."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Lala."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Alikuwa na miaka thelathini na mitano.

Alhamisi familia ilikaa kupanga mazishi. Hategekimana alikataa, kama ilivyotabiriwa. "Mama, wale ni watu wema, nawaheshimu. Lakini wanaotajwa ni damu. Wao wakae na marafiki."

"Na ng'ombe niliyewapa?"

"Ng'ombe gani, Mama?" Hapo sauti yake ilipanda. "Ng'ombe wetu waliisha wote mwaka ule wa vita. Hakubaki hata mkia. Uliwapa hewa, nao wakapokea hewa. Hakuna undugu hapo."

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yaliuma. Stacy alikuwa jikoni anaosha sahani. Akatoka, mikono imelowa.

Hategekimana akamgeukia. "Haya, binti. Wewe ndiye mwenye ng'ombe. Pembe zake zikoje?"

"Ya kulia imesimama," Stacy alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Ya kushoto imeshuka mpaka karibu na jicho."

Hategekimana akakohoa. "Anakamuliwaje?"

"Mpaka aimbiwe. Halafu hamtaki kila mtu. Anamtaka kijana mmoja tu, mdogo wake Mugabo. Akiimba mwingine, anapiga ndoo teke." Akasita, akamtazama Koko, Koko akamwashiria aendelee. "Na kijana huyo ana sauti mbaya sana."

Watu walicheka kabla hawajakumbuka kwamba wako msibani. Hategekimana hakucheka. Alikaa chini polepole, kwa sababu kijana huyo alikuwa ni yeye.

"Mama, hata hilo uliwaambia?"

"Miaka kumi na moja nawaambia. Ungekaa nao, ungesikia."

Alijifunika uso kwa mikono miwili. Akasema, "Nilidhani hakuna mtu duniani anayemjua yule ng'ombe isipokuwa mimi na kaka yangu." Kisha, mzee mzima wa kanisa, akaanza kuuimba wimbo wa kumkamua Bihogo, taratibu, mpaka mwisho. Sauti haijapona. Alipomaliza akapangusa macho, akasema, "Watajeni." Ameruhusu haya yote yasomwe leo. Aliomba tu sehemu ya machozi iondolewe, na hilo halikuwezekana.

Kwa hiyo, kwa idhini ya familia nzima: Sosthène Rukundo amemwacha mkewe, Merveille, watoto wake, Divine na Mugabo, mama yake, Mukandayisenga, koko wake, Générose, na baba yake mdogo, Hategekimana. Amewaacha ndugu zake, Stacy, Joel, Talia, Noa, Eitan na Rivka. Hao ndugu sita, kama ilivyo desturi kwao, hawaondoki kaburini na kuliachia trekta. Wataomba makoleo wamfunike wenyewe. Hategekimana ndiye atakayewapa, naye atashika la kwanza.

Mungu amlaze Rukundo wetu kwa amani, mpaka asubuhi ile atakapoitwa kwa jina lake.