Ersilia Bonfanti na Nusu ya Limau

Marehemu Ersilia Bonfanti alizaliwa Lovere, kando ya ziwa, tarehe 14 Machi 1951, binti wa kwanza wa mwoka mikate Battista na mkewe Carolina. Masista waliomfundisha waliandika kwenye ripoti: "Hamalizi kazi." Wapo mjini hapa wanaokubaliana nao hadi leo.

Mwaka 1970 alikwenda Roma kusomea ukarabati wa picha za kale, akahitimu 1974. Huko alifundishwa kwamba anayesafisha picha huacha mraba mdogo bila kuusafisha, uwe shahidi wa hali ya zamani. Somo lilimwingia mno. Tarehe 3 Juni 1978 alifunga ndoa na Ottavio, mkutubi, ambaye ndiye anayesoma haya. Walipopaka jikoni rangi, Ersilia aliacha mraba wa masizi juu ya jiko. Mumewe aliufunika kwa kalenda. Hawakuulizana.

Kazi iliyompa jina, na usumbufu, ni picha ya parokia yetu: kijana aliyechorwa yapata mwaka 1520 na mchoraji wa hapa hapa Italia ambaye hakutia sahihi. Wataalamu watatu wamempa majina manne. Kijana mwenyewe tulimwita Bwana wa Limau, kwa kile alichoshika mkononi, na kila Mei tulimwokea keki za limau. Mwaka 2016 Ersilia alianza kuondoa vanishi, ule utando wa kukinga picha, uliogeuka manjano kwa uzee. Bwana akapata mashavu mekundu. Limau likawa yai.

Kwa nini kijana ashike yai, hakuna ajuaye. Na ule mraba wa shahidi Ersilia aliuacha papo hapo mkononi, hivyo nusu ni yai, nusu limau.

"Bi Ersilia, waumini nitawaambia nini?" alilalamika Padre Fausto. "Ni limau au ni yai?"

"Mchoraji alichora yai, Padre. Babu zenu wakaona limau. Nimfute nani?"

"Si ukifute tu hicho kipande!"

"Nikifute, kesho mseme nimewaibia limau? Nawajua ninyi."

"Dada, hata yai limekushinda kumaliza," alidakia mdogo wake, Delfina. "Masista walisema."

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla alisema, "Ottavio, kile kipande kisiguswe."

"Kwa nini hasa?"

"Wewe ahidi kwanza."

Mumewe aliahidi. Maelezo hayakufuata.

Jana Padre Fausto alikuja kutoa pole, na keki ya limau mkononi. "Mzee Ottavio," akasema kwa upole, "sasa si tunaweza kukisafisha?"

Hapana, Padre. Mumewe amesoma vitabu vingi na bado haelewi, lakini kipande kibaki.

Ersilia ameacha mume, binti yake Noemi, wajukuu Tullio na Irene, na mdogo wake Delfina. Kalenda ya jikoni niliiondoa jana jioni.

Pumzika kwa amani, Ersilia. Kutoelewa tuachie sisi.